Luteni Uhura na Batli ya Nahodha: Kufasiri Utumishi wa Anga kwa Kiswahili

Utangulizi

Tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Tangu hapo imezaa filamu na tamthilia nyingine kadhaa, na watazamaji wake wametapakaa duniani, wakiwemo wanafunzi wa hapa Machakos. Inasimulia maisha ya maafisa wa Starfleet, utumishi wa kubuni unaotuma vyombo baina ya nyota. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo sababu ya pekee ya kuifuatilia, kwani mmoja wa maafisa hao, Luteni Uhura, amepewa jina lililotokana na lugha yetu.

Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kueleza kazi za maafisa hao, kwa kuwa kilikuwa lugha ya mabaharia karne nyingi kabla ya kuwa somo la darasani. Aidha, kosa lililotendeka katika jina la Uhura na makosa tuyatendayo sisi katika tafsiri yana chanzo kimoja, nacho ni kutoisikiliza lugha yenyewe.

Maafisa na kazi zao

Mbunifu wa tamthilia hii, Gene Roddenberry, alitazama merikebu kabla ya kutazama roketi. Nahodha wake, James Kirk, ana asili katika Horatio Hornblower, baharia wa riwaya za C. S. Forester. Ndiyo maana utumishi ule una sura ya jeshi la majini. Nahodha huamuru. Spock ni afisa wa kwanza na pia mwanasayansi. Sulu hushika usukani, Scott hutunza mitambo, McCoy hutibu. Uhura hupokea na kutuma ujumbe. Wote hushika zamu, hula na kulala chomboni, na safari yao imepangiwa miaka mitano.

Juu yao ipo sheria inayowakataza kuingilia maendeleo ya jamii wanazozikuta. (Msomaji wa Machakos hawezi kuipita sheria hii bila kutabasamu. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika mkoa wa Ukamba mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899, na wageni wale hawakuja na amri kama hiyo.)

Msamiati wa bahari

Tuanze na chumba ambamo nahodha na maafisa wake huongoza chombo. Kiingereza hukiita kwa neno lilelile linalotaja kivuko cha mtoni. Mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno huandika kwamba nahodha alisimama "darajani", na msomaji anamwona mtu aliye juu ya Mto Athi. Tena "daraja" ni cheo pia, hivyo "afisa wa daraja" anazidi kutatiza. "Chumba cha usukani" kingetosha.

Mfano wa pili ni "kapteni". Katika jeshi la nchi kavu, kapteni yuko chini ya meja; katika jeshi la majini, cheo chenye jina hilo hulingana na kanali. "Nahodha" hana utata huo, kwani hutaja wajibu wa kuongoza chombo, cheo cha mhusika kiwe kiwacho. Neno hili lina asili ya Kiajemi, likiunganisha maana ya chombo na ya bwana wake. Leo hutumika hata kwa kiongozi wa timu ya kandanda, na hakuna anayelishangaa.

"Rubani" naye alikuwa mwelekezaji wa merikebu kabla ya kupanda ndege. Na "chombo", ambacho wengi hudhani ni neno la jumla tu lililobandikwa "cha anga" ili kukidhi haja, ndilo jina ambalo watu wa pwani huliita jahazi. Kwa hiyo "chombo cha anga" ni istilahi iliyojengwa juu ya msingi wa zamani.

Hata hivyo, neno linalonipendeza zaidi ni "batli". Vipindi vingi vya Star Trek hufunguliwa kwa sauti ya nahodha akiweka kumbukumbu ya safari. Nimewahi kuiita kumbukumbu hiyo "shajara", na nikaridhika, mpaka nilipokutana na "batli" katika kamusi: daftari ambamo mwendo wa chombo na matukio ya safari huandikwa. Shajara ni ya mtu na moyo wake. Batli ni ya chombo. Neno lilikuwepo muda wote, na sisi wa bara tulikuwa tukitafuta jipya.

Jina la Uhura

Kwa mujibu wa mwigizaji Nichelle Nichols, alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962. Roddenberry alilipenda neno, lakini mwishowe irabu ya mwisho ikageuzwa kuwa -a ili jina lisikike laini na la kike.

Kisarufi, mabadiliko hayo hayana mashiko. Ngeli za Kiswahili hazitofautishi jinsia, wala irabu ya mwisho haimfanyi mtu kuwa mwanamke: bwana huishia kwa -a, na Juma vilevile. "Uhuru" ni nomino dhahania, kiambishi u- kikiwa kimepachikwa kwenye kivumishi "huru". Kwa kuwa kivumishi hicho kina asili ya Kiarabu, hakichukui upatanisho: mtu huru, watu huru, nchi huru.

Lakini hapa pana jambo la kushangaza. Mzizi wake wa Kiarabu ni hurr, na mwanamke aliye huru huitwa hurra. Kiarabu ndicho kinachotumia -a ya kike, nayo imetufikia kupitia majina ya watu kama Rashidi na Rashida, au Latifu na Latifa. Bila kujua, Wamarekani wale walilipa neno letu mkia wa Kiarabu huku kichwa chake kikibaki cha Kibantu. Kosa ni kosa, ila si kila kosa lina nasaba.

Jina la kwanza, Nyota, lilibuniwa na William Rotsler katika kitabu cha mwaka 1982, likatamkwa katika filamu ya mwaka 2009. Hilo halihitaji kusahihishwa.

Kiswahili kinywani mwake

Je, afisa huyu hukisema Kiswahili? Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, kiumbe mlaghai anajigeuza mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka 1967, mtambo unafuta kumbukumbu zake, na anapofundishwa upya kusoma, Kiswahili kinamtoka kwa hasira. Katika matukio yote mawili lugha yetu ni lugha ya udhaifu: ya kushawishika na ya kusahau. Haitumiki kazini.

Kazi yenyewe ilipuuzwa pia. Ilimbidi angoje hadi kipindi cha katuni cha mwaka 1973 ndipo akabidhiwe uongozi wa chombo. Katika filamu ya mwaka 1991, yeye na wenzake wanapekua makamusi mezani ili wajibu kwa lugha ya Wakilingoni, kana kwamba mtaalamu wa mawasiliano hakuwahi kujifunza lugha ya jirani aliye adui. Ni mwaka 2022, katika tamthilia mpya, ndipo tunapomwona Uhura kijana kutoka Kenya, ajuaye lugha 37, akiwasiliana na nyotamkia kwa kuimba.

Nje ya hadithi, Nichols alifanya zaidi ya alivyoandikiwa. Alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, lakini Martin Luther King akamsihi abaki. Kuanzia mwaka 1977 aliisaidia NASA kuwavuta wanawake na Wamarekani weusi wajiunge na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia hamasa.

Na jina letu limewahi kuruka likiwa na irabu zake zote. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku hiyo, iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973.

Limebaki suala la cheo. Wenzangu wanapendelea "afisa wa mawasiliano", nami naona kwamba jina hilo laweza kumfaa hata mwandishi wa taarifa za ofisini. Mtu anayeketi akisikiliza sauti asizozijua, akaamua zina maana gani na nahodha aambiwe nini, pwani wamemwita mkalimani, na pia mtarijumani. Napendekeza "mkalimani wa chombo". Msomaji wa Lamu au Mombasa mwenye neno bora, lililotumika majahazini, aliandikie jarida.