Insha ya Hoja: Usajili, Leseni na Kibali cha Uvuvi

Swali: Mvuvi wa Chumbageni amesajili ngalawa yake na kukata leseni. Amekamatwa karibu na Tongoni akivua kwa juya la kukokota. Anadai ameonewa kwa kuwa "karatasi zake zimekamilika". Andika insha ya hoja ukiunga mkono au ukipinga dai lake.

Watahiniwa wengi wanalijua swali hili kuliko wanavyolijibu. Hasa ninyi wa Tanga! Mnaijua bahari mno, mnaanza kusimulia alfajiri, matanga na bei ya changu, karatasi inajaa bila hoja hata moja. Anza na maneno yenyewe.

Usajili unahusu chombo: ngalawa hii ni ya nani na inatambuliwa kwa namba gani. Leseni inahusu ruhusa ya kuvua. Chombo kina yake na mvuvi ana yake, hivyo baharia anayevua kwenye ngalawa ya tajiri hawezi kujikinga kwa leseni ya tajiri. Kwa vyombo vidogo kama ngalawa na mashua, leseni hutolewa na halmashauri kupitia ofisa uvuvi. Kibali ni ruhusa ya jambo mahususi, kama kusafirisha mazao ya uvuvi nje ya nchi. Ukiandika "kibali cha chombo" ukimaanisha usajili, mtahini ataona hujui unachokitetea.

Sheria mama ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Msiichanganye na uwindaji. Anayetaka kuwinda nyati anaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na leseni ya uvuvi haimfai kitu porini.

Sasa turudi Tongoni. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kwa mara kwenye majarife ya wavuvi wetu. Hifadhi za bahari zina sheria yake, Na. 29 ya mwaka 1994, yenye masharti ya ziada juu ya yale ya leseni.

Hapa ndipo penye mtego. Mtahiniwa anayemtetea mvuvi huandika kwamba baharini hakuna uzio, hivyo mtu hawezi kujua mpaka ulipo. Hoja hiyo ni nzuri, nami ningeipa alama katika swali jingine. Hapa inaanguka, kwa sababu juya la kukokota limekatazwa hata nje ya hifadhi. Linakokota matumbawe, nyasi za bahari na vitoto vya samaki. Ni sawa na baruti: hakuna ofisi inayotoa leseni ya baruti. Leseni inaruhusu kuvua, hairuhusu kila zana.

Je, mvuvi hana utetezi kabisa? Anao, ila hauko kwenye karatasi zake. Juya huwa mali ya tajiri, na mara nyingi anayekamatwa ni kijana wa kuvuta kamba. Nyavu halali zinahitaji mtaji ambao hana. Hoja hiyo inahusu haki na umaskini, na insha inayoijenga vizuri hupata alama za juu kuliko ile inayorudia "sheria ni msumeno". Lakini ikubali kwanza kosa lipo, ndipo iulize nani abebe mzigo wake.

Mfano wa aya:

"Ni kweli mvuvi huyu ana leseni. Hata hivyo, leseni ilimruhusu kuvua kwa zana halali tu. Hivyo hakuonewa kwa kukamatwa. Ameonewa ikiwa mwenye juya ameachwa nyumbani akisubiri juya jingine."

Zoezi: Andika aya mbili zinazofuata. Katika ya kwanza, pinga mfano huu. Katika ya pili, eleza kazi ya kikundi cha BMU cha ufukweni kabla kosa halijatendeka. Usizidishe maneno 120.