Bati, Kigae au Makuti? Kabla Hujapaua, Kaa Tuongee

Wiki hii nimeletewa swali na dada mmoja wa Kigamboni ambaye boma lake limefika lenta na sasa hapati usingizi. Fundi anamwambia achukue bati la rangi la geji 32, eti linatosha sana. Shemeji yake aliyewahi kukaa Mombasa anataka vigae. Mume ameona picha ya nyumba yenye paa lililojificha nyuma ya ukuta, na tangu hapo hasikii la mtu. Mama mkwe naye anakumbusha kwamba wao walilelewa chini ya makuti na wamezeeka salama. Anauliza: dada, nimsikilize nani?

Kwa sasa usimsikilize yeyote, mdogo wangu. Kwanza niambie bahari iko umbali gani na kiwanja chako. Kama ukisimama pale jioni unaonja chumvi mdomoni, swali lako si sawa na la mwenzako anayejenga Dodoma. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi na kuzipaka juu ya paa, na chumvi ikikutana na unyevu ndiyo hiyo inayokula bati. Bati la zinki tupu ambalo bara lingekaa miaka mingi, ufukweni linaweza kuanza kuwa jekundu mapema kabla hata hujamaliza kulipa mkopo wa benki.

Maana bati ni chuma chembamba tu kilichopakwa madini mengine ya kukikinga. La zamani limepakwa zinki peke yake. La siku hizi, wanaloliita aluzinki, limepakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki karibu asilimia 43.5 na silikoni kidogo. Mchanganyiko huo unavumilia kutu kuliko zinki tupu, na kabla halijapigwa rangi bati lake hurudisha jua vizuri. Rangi inakuja juu ya tabaka hilo, nayo inasaidia, lakini wengi mnaingia dukani mkiwa mmeshaamua kuhusu rangi tu: damu ya mzee, bluu ya bahari, kijivu cha mkaa. Kuchagua bati kwa rangi ni sawa na kuchagua mchumba kwa viatu vyake. Uliza tabaka la chini. Ukiona limeandikwa AZ150, maana yake kila mita ya mraba ina gramu 150 za ule mchanganyiko, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ70 haifiki hata nusu yake. Mtu wa Kigamboni akiuziwa AZ70 kwa sababu rangi inang'aa, amepigwa.

Na geji, jamani. Hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Namba ya geji inavyopanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, hata kama namba inaonekana kubwa. Kwa kipimo cha Waingereza ambacho wengi wanakifuata, geji 28 ni kama milimita 0.37, geji 30 ni kama 0.31 na geji 32 ni kama 0.27. Mtu atakwambia tofauti ni milimita 0.1 tu, utaikuta wapi? Piga hesabu: hiyo 0.1 ni zaidi ya robo ya chuma chote. Ni robo inayofanya fundi akikanyaga bati lisibonyee, na upepo ukivuta tundu la msumari lisichanike.

Tatizo jingine ni kwamba viwanda havifanani, na mhuri wa geji si kiapo. Uliza unene kwa milimita, kisha uliza kama ni unene wa chuma peke yake au pamoja na rangi, kwa sababu rangi nayo ina unene wake na wajanja huihesabu. Nenda na fundi wa karakana mwenye maikromita, mnunulie soda, apime mbele ya muuzaji. Angalia na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Halafu usilinganishe bei ya bati moja na bei ya bati jingine. Mabati yakilaliana, upana unaofunika paa unapungua, na kila muundo unapungua kwa kiasi chake, iwe msauzi, iwe migongo mipana, iwe lile lililofinyangwa kama vigae. Linganisha bei ya mita moja ya mraba iliyofunikwa. Nimeona watu wakikimbilia bati la bei nafuu, wanakuja kugundua kwamba yanahitajika mengi zaidi na nafuu yote imeishia hapo.

Sasa shemeji na vigae vyake. Namwelewa. Mombasa ina mapaa ya vigae vyekundu vya Mangalore, vile vya udongo vilivyokuwa vikiletwa kutoka India, ambako kiwanda cha wamisionari wa Basel kilianza kuvifyatua katika miaka ya 1860. Chumvi haili udongo uliochomwa kama inavyokula bati. Kigae kizuri, kiwe cha udongo au cha saruji, kinaweza kuishi kuliko aliyekipandisha, kinapunguza joto, na mvua ikinyesha mnaweza kuendelea na mazungumzo bila kupiga kelele.

Ila ni vizito, na uzito huo hauonekani kwenye picha. Chukua paa la mita za mraba 150. Kwa bati, kilo 3 hivi kwa mita, unabeba chini ya nusu tani. Kwa vigae vya saruji, ambavyo ni kilo 45 hivi kwa mita, unakaribia tani 7. Tani 7 zinazokaa juu ya kichwa chako usiku na mchana! Kwa hiyo kenchi zinakuwa nzito na zinakaribiana zaidi, mbao zinaongezeka, na kuta na msingi vilipaswa kujua habari hiyo tangu siku ya kwanza. Boma lililojengwa kwa hesabu ya bati halipandishwi vigae kwa sababu shemeji kasema. Tena vigae vinataka paa lenye mwinuko wa kutosha. Paa likilala sana, upepo unasukuma maji yanarudi nyuma na kupenya kwenye maungio. Kama msingi wako haukuchorwa kwa vigae, suala la shemeji limefungwa, mpe chai aende.

Katikati ya bati la fundi na vigae vya shemeji kuna vigae vya bati vilivyonyunyiziwa vijiwe juu. Ndani ni chuma kilekile cha aluzinki, uzito ni kama kilo 7 kwa mita ya mraba, kelele za mvua zinapungua na sura ni ya kuvutia. Bei inauma. Mwenye uwezo achukue, lakini asome karatasi ya dhamana, maana dhamana nyingi za mabati na ndugu zake huweka masharti kwa nyumba zilizo karibu na bahari. Pale ndipo utajua kampuni yenyewe inaamini kiasi gani.

Mama mkwe tumheshimu. Makuti yaliyosukwa vizuri, yakapangwa kwa kubanana juu ya paa lenye mwinuko mkali, yanaleta ubaridi ambao bati halitaufikia hata uliwekee dari gani. Lakini yanaomba kubadilishwa kila baada ya miaka michache, yanahifadhi wadudu na panya, na cheche moja ya jiko inatosha. Maji yake pia hayafai kuwekwa kwenye tangi la kunywa. Mjengee mama banda la makuti uani, mbali na jiko, apumzike huko na wajukuu. Nyumba yenyewe isiwe ya makuti.

Kwa mume nitasema bila kuzunguka: paa la kujificha silipendi kwa nchi yetu ya mvua za masika. Kwenye paa la kawaida gata likiziba, maji yanamwagika nje, unagombana na jirani basi. Kwenye paa la kujificha maji yote yanapelekwa kwenye mfereji uliofungiwa ndani ya ukuta, na majani ya mwembe yakiziba tundu, maji yanashukia sebuleni. Na kwa kuwa paa halitokezi nje ya ukuta, dirisha halina kivuli, ukuta unapigwa na jua na mvua moja kwa moja, rangi inababuka. Watasema mbao zinapungua. Ni kweli, zinapungua, halafu hela hiyo inakwenda kwenye tofali za ukuta wa juu, plasta yake na kazi ya kuziba maungio. Mume akishikilia kabisa, basi mfereji uwe na matundu ya kutolea maji mawili au zaidi, na juu yake kidogo kuwe na bomba la akiba linalotoka nje ya ukuta. Siku utakapoona maji yanatoka kwenye bomba hilo, jua chini kumeziba, panda juu ukazibue kabla hayajaingia ndani.

Kwa hiyo, dada wa Kigamboni, ukiniuliza mimi: kama uko jirani kabisa na ufukwe, tafuta bati la alumini tupu, au vigae kama msingi unaruhusu. Kama uko ndani kidogo, chukua aluzinki ya geji 28, tabaka nene, rangi nyepesi. Rangi nyeusi na kijivu cha mkaa zinameza jua, na Januari ya Dar es Salaam mnaijua wenyewe. Weka dari, na acha matundu yenye wavu chini ya mapaa ili joto lililokwama juu ya dari lipate pa kutokea. Geji 32 weka kwenye banda la kuku.

Bati zuri kwa fundi mbaya ni kazi bure, sasa nisikilize vizuri. Kwa kuwa bado hujafunga kozi za juu, acha vipande vya nondo au waya nene vikitokeza kwenye zege, ili kenchi zifungwe kwenye nyumba na siyo kulalia tu ukutani. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, watu wa pwani walikumbushwa kwamba tufani si habari za Msumbiji peke yake. Mbao ziwe zilizotiwa dawa, la sivyo unawaandalia mchwa karamu. Tumia skrubu zenye mpira badala ya misumari ya kawaida. Kama ni misumari kwenye bati la mawimbi, ipigwe juu ya mgongo, kamwe isipigwe kwenye bonde ambako maji yanapita. Mabati yaanze kupangwa kutoka upande ambao upepo mkubwa unaelekea, yakija kuulaki, ili maungio yaupe upepo huo mgongo. Na fundi akitoa grainda kukata bati la rangi, mnyang'anye. Zile cheche zinaunguza tabaka la kinga, na unga wa chuma unaobaki juu ya paa unaanza kushika kutu mvua ya kwanza tu. Kuna mkasi wa bati, atumie huo. Mzigo ukifika kabla ya siku ya kazi, usiuache ukiloa kwenye rundo, wala usiuegemeze kwenye saruji mbichi.

Paa la bati au kigae linakupa na maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30, ambayo wakati wa masika ni kitu cha siku moja, juu ya lile paa la mfano la mita za mraba 150 ni lita 4,500. Hata ukitoa yanayopotea, tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa siku hiyo moja. Maji ya mwanzo ya msimu yaache yaoshe vumbi yaende zake.

Mliorithi nyumba za zamani zenye mabati ya kijivu mazito yaliyo kama saruji, hayo huenda ni ya asbesto. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Msiyavunje, msiyakate, msiyatoboe, na msiwape watoto vipande wachezee. Ulizeni halmashauri au watu wa mazingira wanaojua kuyaondoa yakiwa yameloweshwa na kufungwa.

Na wewe unayekwenda dukani Jumamosi hii, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aandike kwenye risiti unene wa chuma kwa milimita, aina ya tabaka na gramu zake, na urefu wa kila bati. Akikataa kuandika, ondoka. Maduka ya mabati ni mengi.