Nguzo za Ghala Kabla ya Mavuno

Septemba inapoingia, mahindi ya hapa kwetu Ndalu, hasa ya aina ya H614 yakaayo shambani miezi sita na zaidi, huanza kukauka majani, na mwenye shamba aliyedhani kwamba wasaa ungalipo hugutuka kuona mavuno yamekaribia ilhali ghala lake la mwaka jana limeinama upande mmoja kwa kuwa nguzo zimeliwa chini. Habari ya nguzo hizo ndiyo haja yangu leo, maana udongo wetu ungali na unyevu, unachimbika na kushindilika vyema, na atakayengoja Januari ataupiga mtaimbo mpaka viganja vitoke malengelenge.

Nguzo aghalabu haianzi kuoza kileleni, wala katika ncha iliyozama. Huanza pale mti unapotoka ardhini, shibiri moja juu na moja chini, mahali ambapo maji na hewa hukutana na kuvu wakapata riziki yao. Kwa hiyo mnunuzi asitazame unene wa mti kabla ya kutazama moyo wake. Mtarakwa, ambao walowezi wa Trans Nzoia waliutumia katika nyua zao kabla ya mashamba kugawiwa wananchi katika miaka ya 1960, una moyo mwekundu udumuo ardhini miaka mingi, walakini ule weupe unaouzunguka huliwa na mchwa kama mti wowote mwingine, basi na uchongwe kwanza. Lusiola, uotao mipakani mwa mashamba yetu, nao hustahimili mchwa, na wengi wanao pasipo kuuthamini. Ama mkaratusi usiotiwa dawa, japo ni mgumu na bei yake ni nafuu, siuamini: misimu michache, kisha hasara.

Anunuaye mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani asikate ule mguu utakaoingia shimoni, kwa sababu dawa huzama katika tabaka la nje tu, na aukatapo huwa amewafungulia mchwa mlango wa moyoni. Kama nguzo ni ndefu mno, ikatwe juu, na kwa mshazari, ili maji ya mvua yateleze. Vipande vilivyosalia visipikiwe kamwe, maana dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake ni sumu.

Shimo liwe la kina cha futi mbili na nusu, chini yake itandazwe kokoto kwa unene wa inchi nne ili maji yapate njia, kisha udongo urudishwe kidogo kidogo, inchi sita kwa mara, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine, na juu kabisa ukusanywe kilima kidogo kiyasukumie maji mbali. Siku hizi mafundi wengi hupenda kumwaga zege, na wateja huona fahari. Lakini zege iliyozingira mguu mpaka chini ya kisigino ni bakuli la kuhifadhia maji. Asiyeweza kujizuia na aiache wazi chini, na aipandishe juu ya ardhi ikiteremka pande zote.

Kila nguzo, kwenye kimo cha futi tatu, izungushiwe faneli ya bati kuwazuia panya. Upana wa ghala la mahindi ya magunzi usipite mita moja, kwa kuwa mvua zetu hazikatiki upesi wakati wa mavuno, na ubavu wake mrefu uelekee upepo.

Wala usirejeshe nguzo kuukuu yenye vitundu vinavyotoa unga kwa kudhani kwamba unaokoa fedha. Dumuzi, mdudu aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwetu Kenya akafika Taveta mwaka 1983, hutoboa mbao kama atoboavyo punje, na hujificha humo akingoja mahindi mapya. Nguzo ya namna hiyo, kama haikutiwa dawa ya kiwandani, ipelekwe jikoni wiki hii, kabla hindi la kwanza halijaingia.