Jina la Snow White Lisikudanganye, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea tuzungumze, maana jambo hili la hadithi za watoto zilizogeuzwa filamu za kutisha mnaniletea kwa namna nyingi na kila anayelileta anainamisha kichwa. Kuna mama kijana aliyewawekea wanawe filamu ya Snow White ili apate nafasi ya kupika, akarudi sebuleni na kukuta wamejibanza nyuma ya kochi. Kuna binti wa chuo aliyetazama Cinderella ya damu na wenzake bwenini. Wenzake walicheka wakalala, yeye mpaka leo usingizi hauji. Inueni vichwa. Jina ni lile mlilolijua tangu darasa la kwanza, na kwenye jalada yupo msichana mwenye gauni refu. Nani asingeamini?

Lakini yakupasa kuelewa biashara hii inavyokwenda, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Hadithi hizi za kale hazina mwenyewe. Mtu akitaka kumfanya Cinderella muuaji, hamlipi yeyote na haombi ruhusa kwa yeyote, huku jina lenyewe dunia nzima inalijua. Hata yule dubu mpole Winnie-the-Pooh, ambaye kitabu chake kilitoka 1926, hakimiliki yake ilipokwisha Marekani mwanzoni mwa 2022 hakuachwa apumzike. Mwaka uliofuata ikatoka Winnie-the-Pooh: Blood and Honey, na dubu yule anachinja watu. Oktoba ya mwaka huohuo wa 2023, kule Miami, mwalimu aliwawekea wanafunzi wa darasa la nne filamu hiyo, wazazi wakaja juu, na ilikuwa haki yao. Mwalimu, mdogo wangu! Basi wewe uliyeletewa flashi yenye filamu hizi na jirani usijione wa kwanza kupotea. Kuteleza si kuanguka. Ila ukishateleza mara moja, angalia unapokanyaga.

Sasa nije kwa ninyi wabishi, maana nawajua. Mtaniambia, «Dada, hizo hadithi zilikuwa na damu tangu mwanzo, filamu zinarudisha ukweli tu.» Mna ukweli, tena zaidi ya mnavyodhani. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapa kitabu chao 1812, aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa baadaye, labda kwa kuwa wasomaji hawakuweza kumbeba mama wa namna ile. Malkia yule anaagiza aletewe mapafu na ini la binti ili ayale, na mwishoni anavalishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto vikawa vyekundu, akacheza ndani yake mpaka akafa. Dada wa kambo wa Cinderella wanajikata, mmoja kidole cha mguu na mwingine kisigino, ili kiatu kiingie. Na kabla ya hao ndugu, Mfaransa Charles Perrault aliichapa hadithi ya msichana wa kofia nyekundu mwaka 1697, na kwake mbwamwitu anamla binti, hadithi imekwisha, hakuna mwindaji wa kuja kumtoa tumboni.

Sisi nasi tulilelewa na mazimwi. Yule binti aliyetiwa ndani ya ngoma akawa anaimbishwa mji hadi mji, hukumsikia kwa bibi? Ulimsikia, ukaogopa, ukalala.

Ulilala kwa sababu bibi alikuwepo. Hapo ndipo hoja yenu inapovunjika. Msimulizi humwona anayemsimulia. Akiona macho yamekutoka, hushusha sauti, huliharakisha zimwi, humfikisha binti kwao mapema. Na zimwi ulilolichora kichwani ulilichora kwa kipimo chako, halikuzidi uwezo wako wa kulibeba. Tena hadithi ya kusimuliwa haikai kwenye kidonda. Kidole cha dada wa Cinderella kinakatwa kwa sentensi moja, sentensi inayofuata yuko juu ya farasi wa mwana wa mfalme. Filamu inakiweka kidole mbele yako, inakusikilizisha mfupa, inasubiri. Filamu haijui kama anayetazama ana miaka arobaini au minne. Hata ile Snow White ya Disney ya 1937, yenye nyimbo na vibeti vya kuchekesha, ilipoingia Uingereza wakaguzi walitaka watoto waitazame wakiwa na mtu mzima. Ile laini! Leo unamwacha mtoto peke yake na ile kali, kisa jina linafanana.

Kwa hiyo msiniletee habari za Grimm mkitaka kuhalalisha uvivu wa kuangalia kwanza.

Hata hivyo sitaki mtu mzima aone aibu kuzipenda filamu hizi. Nyingine ni damu ya kuuzia tiketi tu, utaisahau kabla hujafika kitandani. Hansel & Gretel: Witch Hunters ya 2013 ni mishale na bunduki, wale watoto wa nyumba ya peremende wamekua wakawa wawindaji wa wachawi; ukiitazama na wenzako wikendi hujapungukiwa kitu. Lakini nyingine zina neno la kukuambia, na hapa mabinti zangu nisikilizeni vizuri.

Mwaka 2025 ilitoka filamu ya Norway, The Ugly Stepsister, ya mwongozaji Emilie Blichfeldt. Hadithi ni ya Cinderella, ila tunamfuata dada wa kambo, Elvira, binti anayeota kuolewa na mwana wa mfalme. Mama yake anaona mtaji wa familia uko usoni mwa mtoto huyu, na uso haujatosha. Basi wanaanza kumtengeneza. Pua inavunjwa kwa nyundo na patasi. Kope bandia zinashonwa kwenye ngozi kwa sindano. Binti anameza yai la tegu ili mnyoo umlie chakula tumboni apungue mwili. Anapungua kweli, watu wanamsifu, na nywele zinaanza kudondoka. Unajua tayari habari ya vidole vya mguu itakuja, na inakuja.

Inatisha, inachefua, sitakudanganya. Lakini niambie ni nini hasa kilichomo ambacho hujakiona mtaani. Mkorogo unaochubua ngozi mpaka mafuta ya moto yakikurukia kidonda hakifungi, unauzwa kwenye vikopo vya waridi. Vidonge vya kupunguza tumbo vinanunuliwa bila daktari kujua. Kila siku mnanieleza jinsi shangazi alivyosema una sura nzuri ila weusi umezidi, na mchumba aliyesema ukipungua kidogo tu mambo yataenda. Elvira hakuwa na kichaa. Alisikia maneno hayohayo, kutoka kwa mama yake mwenyewe, akayaamini. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba anayekuja kumwokoa mwishoni, akalivuta lile tegu kutoka kinywani na kuondoka naye, ni mdogo wake Alma, mtoto ambaye hakuna aliyemsikiliza. Ukiwa na mtu wa namna hiyo karibu yako, anayekuambia acha hiyo krimu, usimwite mwenye wivu.

Kwa hiyo ukiitazama, itazame ukiwa na umri unaoruhusiwa, mchana, na mtu mnayeweza kuzungumza naye baadaye. Na kama mwenzi wako anakulazimisha kutazama unachokichukia, halafu anacheka ukifumba macho, hapo shida si filamu tena. Tumia ulimi wako: sitaki. Anayekupenda atabadilisha.

Nirudi kwa mama wa watoto waliojificha nyuma ya kochi, sijakusahau. Usiwagombeze kwa kuogopa, wala usiwaambie «mbona ni filamu tu», maana kwao si filamu tu bado. Kaa nao, waache wakusimulie walichoona, hata wakirudia mara ngapi. Waeleze kuwa ile damu ni rangi iliyochanganywa na vitu vitamu, kwamba yule malkia akimaliza kazi anafutwa rangi anakwenda kula. Acha taa ya korido ikiwaka usiku, acha na mlango wazi. Halafu wasimulie Snow White wewe mwenyewe, kwa sauti yako, uwapitishe salama mpaka mwisho. Siku nyingine angalia alama ya umri kwenye jalada. Kenya utaiona 16 au 18, na wameiweka kwa sababu. Flashi ya jirani ifungue watoto wakiwa shuleni, utazame japo dakika ishirini za katikati, kwa kuwa mwanzo wa filamu hizi unaweza kuwa maua na vipepeo tu. Na ukiona wiki zinapita, mtoto bado anaamka akilia au ameanza tena kukojoa kitandani, usimfiche kwa aibu. Mpeleke kituo cha afya, ueleze yote, filamu ikiwemo.