Kuondoa Kifusi si Kukihamisha

Somo letu safari hii ni juu ya jambo ambalo wengi hawalihisabu kuwa katika dini, nalo ni kifusi. Makusudio yetu ni mabaki ya nyumba inayobomolewa au kujengwa, na vile vinavyoangushwa na mvua na upepo: mawe, udongo, chokaa iliyoganda, boriti, misumari, mabati, makuti na matawi ya miti.

Kila aliyekaa chuoni amefunzwa kwamba kuondoa njiani kitu cha kuudhi ni tawi katika matawi ya imani. Lakini tukiitazama miji yetu baada ya masika, twaona jambo hili likitendwa nusu. Mtu hukusanya kifusi kilicho mlangoni pake akakitia katika mtaro, au akakirundika nyuma ya nyumba ya mjane asiye na wa kumtetea, au akakimwaga pwani maji yakipwa. Kisha hurudi kwake ameridhika kuwa ameondoa udhia. Huyu hakuondoa kitu, amehamisha tu. Na mafaqihi wamekwisha kutuwekea kaida kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake.

Hukumu ya sharia

Mas-ala haya si mageni vitabuni mwetu. Imamu Nawawi, katika Minhaji, amezungumza hata juu ya taka na maganda ya matikiti yanayotupwa njiani, akasahihisha kuwa mwenye kutupa ana dhamana ya kitakachoharibika kwa sababu yake. Ikiwa ganda la tikiti lina dhamana, itakuwaje ubao wenye misumari?

Ama ukuta uliojengwa wima kisha ukaanguka wenyewe, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa mwenyewe hana dhamana. Mahanafi wao wamesema kuwa ukuta ukiinamia njia, na mwenyewe akatakwa auvunje naye ana wasaa wa kufanya hivyo, kisha akapuuza, basi atalipa. Ndugu zangu, itazameni vyema tafauti hii. Tufani si tendo letu, lakini koleo ni tendo letu. Kilichoangushwa na upepo huenda tukawa na udhuru nacho. Tulichokitupa kwa mikono yetu, tutatoa udhuru gani?

Na upepo ukilipeperusha bati la jirani likaangukia uani kwako, halijawa lako. Mafaqihi wamelipigia mfano wa nguo iliyorushwa na upepo ikaingia nyumba ya mtu: ni amana, na yampasa amrudishie mwenyewe au amjulishe upesi. Kulipigilia bati hilo juu ya banda lako la kuku ni kula mali ya mtu siku ya msiba wake.

Madhara yake katika miji yetu

Mombasa ni kisiwa, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila baharini kwa njia ya mitaro. Mtaro ukizibwa na mchanga na mabonge ya simenti, maji hurudi majumbani, yakachanganyika na ya vyooni, kisha yakaingia visimani. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilijaza maji mitaa mingi ya mji huo. Mvua hatuwezi kuizuia. Mtaro twaweza kuuacha wazi.

Tena kuna mbu. Mombasa ilipatwa na homa ya dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu anayeeneza maradhi haya hahitaji ziwa wala kinamasi. Humtosha maji machache yaliyotuama katika mtungi uliovunjika, kifuu cha nazi, gurudumu kuukuu au bati lililokunjika. Vitu hivi vyote hupatikana katika kila rundo la kifusi.

Ama bahari, wengi hudhani ni pana na haijai. Matumbawe ni viumbe hai vinavyohitaji maji safi na mwangaza. Udongo ukivifunika hufa. Mikoko nayo ni malezi ya samaki wachanga. Mtazameni Makupa: kwa miaka mingi njia iliyojazwa mawe na udongo iliziba mkono wa bahari, hata likajengwa daraja, lililofunguliwa mwaka 2022, ili maji yapate kupita tena. Na jaa la Kibarani, lililokuwa ukingoni mwa maji, lilifungwa mwaka 2018 baada ya kuwaudhi watu muda mrefu. Kinachomwagwa kwa siku moja huondolewa kwa miaka na kwa mali nyingi.

Njia ya kufuata

Kwanza, jilindeni. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe wala usikaribiwe, hasa penye maji, hata mafundi wa umeme waje waukate. Ukuta uliopasuka watoto wasichezee chini yake. Na mwenye kuingia kifusini avae viatu vizito, kwa sababu msumari wenye kutu huingiza pepopunda.

Pili, jihadharini na asbesto. Haya ni mapaa ya kijivu yenye migongo, yaliyoezekwa katika majumba mengi ya zamani. Yakivunjika hutoa vumbi la nyuzi ndogo lisiloonekana kwa macho, nalo huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliyahisabu katika taka za khatari. Msiyavunje, msiyafagie makavu, wala msiyatumie tena kwa kibanda. Yarowesheni maji, watu wakae mbali, na wajulisheni maafisa wa afya wa kaunti au wa mazingira, ili yaondolewe na wenye ujuzi na kuzikwa mahali palipotengwa.

Tatu, bagueni kabla ya kuchukua. Wazee wetu wa Lamu hawakulitupa jiwe la matumbawe lililo zima, wala boriti ngumu. Nyumba ya babu ilijengea nyumba ya mjukuu. Mawe na mabonge ya simenti yafaa kujazia msingi. Chuma kina wanunuzi. Majani na makuti yakifukiwa shinani mwa mnazi huwa mbolea. Ukishabagua, utaona kinachobakia ni kidogo.

Nne, msichome moto mbao zilizopakwa rangi, plastiki, wala nyaya. Vijana huchoma nyaya wapate shaba, na moshi wake ni sumu kwao na kwa majirani wote.

Tano, nalo ndilo kubwa: msimuulize mchukuzi bei tu, muulizeni aendako. Awe wa lori, wa mkokoteni au wa punda, akikutaka ujira mdogo mno kuliko wenziwe, jua kuwa tafauti hiyo ataifidia kwa kumwaga karibu. Fuatana naye safari ya kwanza, ulione jaa lililoruhusiwa kwa macho yako. Asiyetaka kujua kifusi chake kimekwenda wapi, kwa hakika amekwisha kujua.

Na kwa kuwa lori ni ghali kwa mtu mmoja, watu wa mtaa na wachangie lori moja baada ya kila tufani. Wazee na wajane wasiokuwa na nguvu waondolewe chao bila ya malipo. Jambo hili ni katika faradhi za kutosheleza: wakilisimamia baadhi yetu, wengine huokoka; na tukiliacha sote, sote twapata dhambi.

Basi kila mmoja wetu akishika koleo ajiulize suali moja: nikikiondoa hapa, nani atakikuta kule? Akipata jawabu kuwa hakuna atakayeudhika, hapo ndipo atakapokuwa ameondoa udhia. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.