Kumuuguza Anayetaka Kufia Nyumbani



Katika kazi yetu ya kutembelea wagonjwa tumelisikia ombi hili mara nyingi: "Msinirudishe hospitali. Nataka nifie kwangu." Ni ombi la haki. Lakini huruma peke yake haiwezi kulitimiza. Linatimizwa na maandalizi, na sisi tulijifunza hivyo kwa uchungu.

YALIYOTUPATA

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alikuwa amewaeleza jamaa kwamba hakuna tena matibabu ya kuuondoa ugonjwa. Mama akaomba alale nyumbani, chumba kilicho karibu na jikoni, apate kusikia sauti za wajukuu. Tulikubali sote. Tukaleta godoro, tukapanga zamu za kupika na kufua, tukasali naye. Tukaona tumemaliza.

Kumbe hatukuangalia chupa ya dawa. Iliisha Ijumaa jioni. Jumamosi usiku maumivu yalizidi mpaka vijana wakakodi gari. Mama alikata roho njiani, kwenye kiti cha nyuma. Hatuna wa kumlaumu. Tulipanga kila kitu isipokuwa dawa na usiku.

HUDUMA HII NI NINI?

Wataalamu huiita tiba shufaa. Haikusudii kuharakisha kifo wala kukichelewesha. Kazi yake ni kupunguza maumivu na taabu nyingine za mwili, na kuwatunza moyoni na rohoni mgonjwa na jamaa zake. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na leo huduma hii iko pia katika hospitali kadhaa za serikali na za misheni. Basi mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, msiondoke kabla ya kuuliza mambo mawili: Nani atakuwa akitufuata? Dawa tutaichukua wapi?

HOFU YA MORFINI

Watu wengi wakisikia morfini husema, "Hiyo ni dawa ya kumuua mtu." Sivyo. Morfini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, huondoa maumivu makali na kumwezesha mgonjwa kulala, kuongea na watu wake, hata kusali. Wengine huona ni dhambi. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kutumia dawa kali kwa nia ya kutuliza maumivu, si kwa nia ya kuua. Kuvumilia mateso si sharti la kufa vizuri.

MAMBO YA KUPANGA

1. Muulizeni mgonjwa mwenyewe. Asiamuliwe na wazee au watoto walio mjini. Na akibadili nia, akataka hospitali, apelekwe bila kulaumiwa.

2. Dawa ifuate saa. Morfini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Msingoje maumivu yarudi. Fuateni kipimo mlichoandikiwa, na msikiongeze bila kuuliza. Iwekwe mbali na watoto, wala asigawiwe mtu mwingine. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni pia dawa ya kulainisha. Kila Jumatano mtu mmoja aangalie chupa: je, itafika Jumatatu?

3. Mwili. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulala, ila kama kumgeuza kunamtesa. Shuka ikae kavu, bila mikunjo. Tumieni glavu mnapoosha damu au uchafu.

4. Zamu. Mara nyingi mzigo wote huangukia binti mmoja au mke. Jumuiya imwachie apumzike angalau usiku mmoja kwa juma. Kuja na sukari na kuondoka si kusaidia.

5. Siku za mwisho. Mgonjwa huacha kula, hulala sana, mikono na miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi, na pengine koo hukoroma. Ndivyo mwili unavyofunga safari. Usimlazimishe uji, maana anaweza kupaliwa. Mlowesheni midomo kwa kitambaa safi, mlazeni ubavu. Semeni naye kwa upole, kwani huenda bado anasikia. Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, si dakika ya mwisho.

6. Usiku. Andikeni ukutani namba ya simu ya muuguzi, na mkubaliane mchana nani atapigiwa kwanza. Maumivu yakishinda dawa au damu ikitoka nyingi, mpigieni saa hiyo hiyo. Tukiogopa bila mpango, ndipo tunapokimbilia gari.

7. Baada ya kifo. Mjulisheni naibu wa chifu wa kata ndogo yenu, ili kifo kiandikishwe na mpate kibali cha mazishi. Hapana haja ya kuharakisha. Jamaa wakae na mpendwa wao kwanza.

TANGU WAKATI HUO

Mwaka uliofuata tulimuuguza mzee mmoja kwa mpango huu. Alifariki alfajiri, mkewe ameshika mkono wake, chupa ya dawa ikiwa bado na akiba ya siku nne. Mama huyo alituambia, "Nilimwahidi, na nimetimiza."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu anauguzwa nyumbani sasa? Nani amemuuliza anataka nini?
2. Morfini inapatikana wapi karibu nasi, na nani anaweza kwenda kuichukua?
3. Ni nani anayeuguza peke yake, na tutampumzisha siku gani juma hili?