Saa ya Kompyuta Yako: Uchague Seva Ipi?

Wadogo zangu, mmoja wenu ameniuliza: "Dada, saa ya kompyuta yangu ya nyumbani haikai sawa, na kila mtu ananitajia seva yake. Nichague ipi?" Haya, sogea tuzungumze.

Kwanza ujue kinachokusumbua. Saa ikikosea kwa saa kamili, mbili au tatu, usiilaumu seva. Seva hutoa saa moja kwa dunia nzima, iitwayo UTC. Kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki ni kazi ya kompyuta. Ingia kwenye mipangilio, chagua ukanda wa Nairobi. Na kama kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, badilisha ile betri ndogo ya duara iliyo ndani. Kwenye kompyuta nyingi ni CR2032.

Usilipuuze jambo hili, maana tarehe ikikosea sana, kivinjari hukataa kufungua tovuti ya benki kikidai si salama.

Sasa tuje kwenye seva. Zimepangwa kwa ngazi: za kwanza hupata saa kutoka kwenye saa za atomiki au setilaiti za GPS, za pili huziuliza za kwanza, na kadhalika. Najua utatamani kwenda juu kabisa. Nakuomba usiende. Wewe nyumbani hutaiona tofauti, ila wenye seva watauona mzigo. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, kilifurikiwa na maombi zaidi ya laki mbili kwa sekunde, kwa sababu vifaa vya intaneti vya majumbani vilitoka kiwandani vikiwa vimeandikiwa anwani ya seva yake.

Kama una kompyuta moja na saa iko sawa, bakia na seva iliyokuja nayo, kama time.windows.com au time.apple.com. Ikisumbua, andika pool.ntp.org. Huo ni mkusanyiko wa seva za watu wanaojitolea, na wenyewe hujaribu kukupa zilizo karibu nawe. Ukaribu una faida: kompyuta hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha hugawa kwa mbili. Njia ikiwa ndefu na ya kuzunguka, makadirio hayo huharibika.

Anayetumia Linux aweke nne, kuanzia 0.pool.ntp.org hadi 3.pool.ntp.org. Mashahidi wawili wakipingana hujui umwamini nani. Wakiwa wanne, mwongo hujulikana. Ila usichanganye na time.google.com, kwa kuwa ile sekunde ya ziada ambayo mara chache huongezwa kwenye UTC, Google huisambaza kidogo kidogo kwa saa 24, wengine huiongeza mara moja.

Seva nzuri, mdogo wangu, ni ile inayokutosha bila kumlemea anayekusaidia bure. Weka mipangilio leo, kisha kompyuta iachie kazi yake.

Dada yenu